Wasifu wa Mama Waya, Marehemu wa Majaribio

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye mdogo wake anayemfuata. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa ufupi na kwa adabu. Adabu nitajitahidi.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1979, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba mtunza ghala na mama mshonaji, ambaye yupo hapa mbele yenu. Nyumbani tulikuwa na mkasi mmoja, na kila siku uligombewa mpaka mtu akalia. Dada, akiwa na miaka tisa, aliufunga kwa kamba kwenye mguu wa cherehani ya mama. Akatangaza: "Anayeutaka aje autumie hapahapa, na wote tujue uko wapi." Tulimnunia, lakini ugomvi ukaisha. Kamba ile ilibaki pale hadi tulipohama.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ufundi alikohitimu stashahada ya kompyuta mwaka 2001. Hakuwa wa kwanza darasani, na hakupenda kusingiziwa hivyo. Alikuwa mbishi tu. Kitu kikikataa, hali wala halali mpaka kikubali.

Mwaka 2003 aliajiriwa karani katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Siku hizo kila dirisha lilikuwa na kompyuta yake na mafaili yake. Mtu aliyeshakufa dirisha la pili alikuwa bado mzima dirisha la nne, na anaendelea kuchukua pensheni. Mwaka 2016 dada akaambiwa aunganishe ofisi nzima: kumbukumbu zote zikae sehemu moja, kwenye kanzidata ya pamoja, na kila meza izione kupitia mtandao wa ofisi. Fundi wa nje hakuletwa. Alipanda darini mwenyewe, akapitisha nyaya chumba kwa chumba, akirudi nyumbani nywele nyeupe kwa vumbi. Ndipo wenzake wakambandika jina la Mama Waya.

Waya haukufika chumba cha mwisho. Ulipungukia mlangoni, na kuagiza mwingine ilikuwa hadithi ndefu. Basi mashine ya chumba kile akaiwekea nakala yake peke yake, nzima, isiyoungana na wenzake. Akasema ni kwa muda tu.

Siku ya majaribio lilihitajika jina la maiti, waone kama likiandikwa meza moja litaonekana meza zote. Kila karani alikataa kutoa lake. "Weeh, mimi bado nina mkopo!" mmoja alisema. Dada akacheka: "Basi nife mimi, nyie waoga." Akaandika jina lake kamili, namba yake, tarehe ya siku ile. Likatokea meza zote kwa mara moja. Walipiga makofi, na wengine wakampa pole ya msiba. Kisha baadhi yao, kwa kuona wameitwa waoga, wakamfuata chumba cha mwisho alikokwenda kujiandika tena ili kuijaribu ile nakala, nao wakajiandika humo, kwa zamu, kwa vicheko. Baadaye alifuta jina lake kwenye kanzidata ya pamoja. Majina ya chumba cha mwisho aliyaacha, akisema atarudi. Hakurudi.

Jioni alitusimulia kama kichekesho. Mama alisimamisha cherehani.

"Limetoka humo hilo jina?"

"Limetoka, mama."

"Umeona kwa macho yako?"

Dada alimwambia aache woga, kompyuta si mtu. Mama hakucheka, na chakula hakukimaliza.

Nirudi nyuma kidogo. Tarehe 6 Desemba 2008 marehemu alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu huyu mpole, ambaye siku ya kwanza alikuja kutengeneza kabati la ofisi akalichelewesha kwa makusudi ili arudi kesho yake. Lilikuwa kabati la droo mbili, na lilimchukua mwezi. Walijaliwa watoto watatu. Kitindamimba yuko darasa la pili, na amekwisha kujua kusoma kila kitu anachokutana nacho, hata karatasi ya vitumbua.

Baada ya majaribio yale dada aliweka kanuni moja ambayo ofisi iliisifu sana. Kwa kuwa kulikuwa na watu wakiwafufua marehemu kwa ajili ya pensheni, aliamuru kwamba mtu akishaandikwa amekufa, hafutwi na mtu mmoja. Lazima abonyeze aliyemwandika, abonyeze na mkuu wa ofisi. Njia ya mkato aliiziba kwa mkono wake.

Machi 2023 alianza kuumwa tumbo. Daktari alikuta uvimbe akasema ukatwe haraka, utatoka wote, asichelewe. Dada akachukua likizo ya ugonjwa. Akiwa nyumbani, fundi kijana aliyeshika nafasi yake alivuta waya mpya hadi chumba cha mwisho, akaiunganisha ile mashine, na kumbukumbu zake zote akazimimina kwenye kanzidata ya pamoja, ambayo siku hizi bima nayo huisoma. Alifanya kazi nzuri, simlaumu. Hakuweza kujua yupi amekufa kweli na yupi kwa mchezo.

Asubuhi ya kulazwa, mhudumu wa mapokezi hospitalini aliipitisha kadi ya bima, akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama dada. "Mama, hii kadi ni ya marehemu."

"Ndiye mimi," dada akajibu, na akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwepo.

Bila kadi, upasuaji ule ulikuwa wa kuuza nyumba, nasi ni wapangaji. Tukaenda ofisini kwake. Mkuu wa ofisi alitupokea vizuri, akaagiza chai. Akaeleza kwamba yeye yuko tayari kubonyeza, lakini aliyeandika lazima abonyeze kwanza, na aliyeandika ni dada, na akaunti ya dada ilifungwa alipochukua likizo, na haifunguliwi kwa jina la marehemu. "Kanuni ni yako, Mama Waya," alisema, macho chini. Ikabidi iandikwe barua makao makuu. Tukaambiwa turudi wiki ijayo, na wiki ijayo tukaambiwa vivyo hivyo.

Ndugu zangu, niliona dada yangu akikaa kwenye benchi la wafiwa, katikati ya watu waliokuja kuandikisha maiti wao, akisubiri kuandikwa hai. Nilitukana siku ile, nikatolewa nje na mlinzi. Yeye alinifuata akiwa amejikunja. "Usiwatukane. Kanuni ni nzuri. Mimi ndiye niliyesahau kile chumba."

Agosti alizidiwa, tukampeleka usiku kwa dharura, wakampokea bila kadi. Daktari yule yule alimpima, akatoka nje, akasema uvimbe umeshasambaa. Marehemu alifariki tarehe 17 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Siku iliyofuata, tukiwa tumekaa nyumbani na shemeji tukipanga mambo ya mazishi, simu ya dada ililia. Kitindamimba aliichukua, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Taarifa zako zimerekebishwa. Kadi yako sasa inatumika." Akamgeukia baba yake, uso umemng'aa. "Baba, wamekubali! Si tumpeleke sasa?"

Shemeji aliichukua ile simu, akampakata mtoto.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, mama mzazi na ndugu wanne. Mkuu wa ofisi yupo nasi, tunamshukuru kwa kuja. Ameninong'oneza kwamba Jumatatu mtu wa familia afike, dada aandikwe tena. Nitafika na mama, akae mbele ya kioo, safari hii aone kwa macho yake.

Na ninyi wafanyakazi wenzake mliokaa pale nyuma: siku mbili kabla hajakata kauli, dada alinivuta shati akaniambia, "Waambie walionifuata chumba cha mwisho. Mimi niliyasahau majina yao." Mshahara unaingia, mnajiona wazima. Kadi ndiyo inayojua, na kadi haiulizwi mpaka uugue. Naona mmeanza kutazamana. Msingoje Jumatatu.

Apumzike sasa dada yetu, asiitwe tena dirishani. Amekufa mara mbili, inatosha.