Kwanza Watoto au Kwanza Baba

Katika basi la kwenda mtaa wa Jericho, mbele yangu waliketi Khavere na Bwana Matheka, watumishi wa mradi wa utafiti unaopima uzito wa watoto wachanga. Jana wafadhili waliagiza kwamba baba wa watoto hao nao wahojiwe, lakini siku za kazi hazikuongezwa.

"Tuanze na wanaume," alisema Matheka. "Leo Jumapili wako nyumbani. Kesho alfajiri watakwenda viwandani."

"Na akina mama niliowaambia wanisubiri leo?" aliuliza Khavere, akiwa ameipakata mizani. "Uzito wa mwezi huu tukiukosa, umepotea. Baba atakuwa vilevile mwezi ujao."

"Mwezi ujao atakuwa amehama, dada yangu."

"Basi ukimpata, muulize mtoto wake ana kilo ngapi."

Niliinama nisionekane nikicheka. Mume wangu hakumbuki hata mwaka aliozaliwa kifungua mimba wetu.

Basi liliposimama, Khavere alishuka na mizani yake, ile ya kuning'iniza, ambayo mmoja huishika na mwingine huisoma. Matheka alibaki mlangoni, akiwatazama wanaume waliokuwa wakicheza drafti kando ya duka.