Kichaka cha Chini ya Kamba ya Nguo

Sogeeni, wanangu, nyote wawili, maana sauti inaniishia na sina nguvu ya kurudia neno. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, pasi zangu na meza za udobi achukue mjukuu anayeifanya kazi hiyo, na hayo hayana mjadala. Linaloninyima usingizi ni kile kichaka changu cha maua huko uani.

Marehemu baba yenu alikipanda pale ukutani, jua linapopiga kutwa, akachagua aina fupi isiyovuka goti ili mashuka ya wateja yasiyaguse maua. Miaka yote hiyo, jua na mvua, hakijawahi kubaki uchi bila majani, na mimi mwenyewe niliisogeza kidogo kamba ya nguo kisije kikatiwa kivuli. Sasa kinageuka manjano, nanyi mnanung'unika kila mtu kivyake kwamba kimezeeka. Hakijazeeka. Nimelala hapa dirishani, nawaona. Wewe kaka mtu unakimwagilia asubuhi ukienda kazini, na wewe dada mtu unakuja na ndoo yako jioni, kila mmoja akidhani mwenzake hajali. Tangu mlipogombania nani akae na mimi hamsemezani, na kichaka changu mnakiozesha mizizi kwa mapenzi. Nilinyamaza nikitumaini mtakutana pale siku moja mcheke. Nimechoka kungoja, jamani, nimechoka hata kukasirika.

Basi shikeni hili. Msimwage maji mpaka mchovye kidole kwenye udongo mkute pamekauka. Changanyeni mchanga pale shinani, maji yapite. Matawi myapunguze maua yakishaanguka, si kabla, na asijenge mtu chumba cha kuliziba lile jua. Kichaka nawaachia wote wawili, hakigawanyiki, na asikimwagilie mmoja kabla ya kumuuliza mwenzake.

Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza hata kidogo. Mungu awatunze, nyinyi na... na watoto wenu. Nifunikeni miguu. Pazia liacheni wazi.

Haya, anzeni. Muulize dada yako, baba. Muulize sasa hivi, ningali nasikia. Sema tu, "Leo umemwagilia?"

Eeh. Hivyo hivyo.

Nawe mjibu, mama. Mjibu kaka yako.