Maisha ya Elijah Wahome na Ng'ombe Yake ya Mkia Fupi

Watu wa Mungu, hamjambo, mimi ni Nderitu, kaka mkubwa ya marehemu, na sijabeba karatasi, maisha ya Wahome yote iko kwa kichwa yangu.

Elijah Wahome alizaliwa tarehe nne Aprili 1968 huko Mukurweini, mtoto mzito mpaka mkunga aliita watu wawili wamsaidie kubeba, akasoma hapo mpaka darasa la saba 1983, akili yake ikitisha walimu. 1986 akaanza kununua ng'ombe Doldol na kuzileta Mweiga kwa miguu, simba zikimpisha njia. Tarehe kumi Disemba 1994 akaoa Wakonyo kanisani, wakabarikiwa na Kabura na Ken, na Kenya yote hakuna mtu alikuwa anakamua kama yeye, maziwa safi mpaka ungeona mlima ndani yake.

Hiyo usafi ndio ilileta maneno. Ng'ombe ilikuwa inarusha mavi kwa ndoo na mkia, basi Wahome akaikata hiyo mkia, Wakonyo akamuuliza, Baba Kabura, sasa itafukuza pange na nini, naye akajibu, Mama Kabura, mkia haitoi maziwa, na sisi wote tukacheka huyo mama. Tarehe tisa mwezi huu, jioni, pange, ile nzi kubwa ya kuuma mpaka damu, ikakalia kiwele, ng'ombe ikatafuta mkia ikakosa, ikarusha teke, Wahome akaingia nyumba ameshika tumbo, akakunywa uji ya Wakonyo, asubuhi akatuacha.

Hapo ndio uso yangu inashindwa kuwaangalia. Kabura aliona hiyo teke, akatuambia siku hiyo hiyo, lakini sisi familia tulisema ni uji ya Wakonyo ilimuua, sauti yangu ikiwa juu kuliko zote, tukamfungia Wakonyo mlango ya nyumba yake, na hata saa hii tumemweka nyuma ya hema kama mpita njia. Jana dakitari amempasua marehemu, akatuonyesha ini imepasuka na kwato. Mimi, mtu ya kuongea mbele ya maelfu, natamani hii kaburi inimeze.

Tunashukuru madakitari, tunashukuru wafanyabiashara wa Doldol, na nyinyi majirani mlimpatia Wakonyo kitanda tukimnyima. Wakonyo, mke wa ndugu yangu, toka huko nyuma, mchanga ya kwanza ni yako, na boma ni yako. Wahome, pumzika kwa amani, huko chini pange haifiki.