Moto wa Wifi

Ndani ya basi, mama mmoja aliyepakata chupa ya uji alimwambia jirani yake, mwoka mikate, "Wifi yangu kanitesa! Siku ya hukumu atachomwa milele."

Mwoka mikate akacheka. "Mama, mkate ukizidiwa na moto tanurini unakuwa majivu, umekwisha. Huyo wifi milele ataungua nini?"

"Huko hakuna majivu! Na mimi nitakuwa juu, namtazama."

"Milele yote unamtazama wifi? Sasa aliyeadhibiwa nani?"

Mimi bibi yenu, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nikajitegea kitendawili, moto unaomchoma aliyeuwasha, nikakitegua mwenyewe: kinyongo.

Basi likasimama hospitalini. Mama akakaza kifuniko cha chupa. "Nipisheni jamani! Wifi kalazwa, na uji uliopoa hanywi."