Kinu cha Baba Basil

Marehemu Mitri Odeh Sweilem alizaliwa Karak tarehe 3 Machi 1948, kitindamimba wa Odeh na Hilwe. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la nane, akaacha masomo baba yake alipofariki. Kaka yake Ayyub ndiye aliyemlea, na wema huo Mitri hakuusahau maisha yake yote.

Kuanzia mwaka 1969 hadi alipostaafu 2008 aliendesha malori ya barabara ya Akaba. Tarehe 14 Septemba 1974 alifunga ndoa na Fidha, mama Basil wetu. Nyumba yao ilijulikana kwa kinu. Kila asubuhi Mitri alitwanga kahawa kwa mdundo, na wapita njia wakajua wamekaribishwa.

Mwaka 2015 mkono wake ulianza kumwaga kahawa ya wageni. Daktari wa Amman alisema ni ugonjwa wa Parkinson, na kwamba dawa pekee hazitoshi: atembee kila siku, hatua ndefu. Mitri hakutaka kusikia.

"Mazoezi ni ya askari," alimwambia mkewe. "Mimi nimezeekea kwenye usukani."

Miguu ikawa inaganda mlangoni kama iliyopigiliwa misumari. Asubuhi moja, Fidha akitwanga badala yake, miguu ile ikauitika mdundo.

"Ongeza, mama Basil."

"Wewe tembea, mzee. Kutwanga niachie mimi."

Tangu hapo alivuka barabara kila asubuhi hadi kwa Ayyub, kinu kikimsindikiza. Walikunywa kahawa, wakataniana, akarudi akicheka.

Januari 2023 Ayyub alifariki. Kwetu, nyumba yenye msiba haipigi kinu mpaka arobaini iishe. Fidha alimsihi mumewe.

"Nitatwanga polepole, hata jirani hatasikia."

"Kaka yangu hajapoa kaburini, nami nipigiwe ngoma? Watu watasema nini?"

"Ayyub mwenyewe angekutwangia."

"Basi, Fidha. Yaishe."

Hao watu hatukuwahi kutajiwa majina yao. Mitri alikaa kitini arobaini nzima kwa heshima ya kaka yake. Kinu kilipolia tena, miguu haikuitika. Fidha alitwanga mpaka viganja vikachubuka. Jambo hili linatuuma, wala hatutalificha.

Hakutembea tena. Nimonia ilimkuta kitandani, na tarehe 9 Novemba 2023 alifariki akiwa nyumbani kwake, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, Fidha. Watoto Basil, Najla na Rima. Na wajukuu aliowapenda. Mungu amlaze pema, kando ya kaka yake.

Mama Basil ameomba jambo moja, na padri amekubali. Jeneza likitoka hapa nyumbani litapita mlangoni kwa Ayyub, naye Fidha atatwanga mpaka livuke barabara. Majirani, mkisikia kinu msiseme tunasherehekea. Baba Basil anatembea.