Ziwa Lililobaki na Mume Wangu

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Nimeombwa niseme, na mimi si msemaji. Mkiona nimenyamaza katikati, mnivumilie.

Mume wangu alikuwa mchuuzi wa maziwani. Alikuwa akipakia chumvi na nazi hapa Kisauni, lori likizifikisha Kisumu, kisha anavuka Ziwa Viktoria kwa boti hadi Uganda. Akirudi, huja na omena kavu, wale dagaa wa ziwani, nami nikiziuza soko la Kongowea. Ndiyo riziki yetu.

Siku aliyopotea alinipigia simu asubuhi, boti ishapakiwa. "Upepo umetulia," akasema. "Waambie watoto nawaletea samaki mkubwa."

Adhuhuri dhoruba ikawavamia. Baadhi ya wenzake waliokolewa na wavuvi, wengine ikapatikana miili yao tu. Yeye hakuonekana, mzima wala maiti.

Dada zangu, msiba usio na kaburi haushikiki. Mkwe wangu, mama yake mume wangu, akaja. "Mwanangu, kaa eda, tumsomee hitima."

"Eda ya nani, mama? Nani kafa?"

Aliyetamka "marehemu" mbele yangu, nilimfungulia mlango atoke.

Nilikuwa na hoja yangu, msinicheke. Ziwa lile hutoa mto, mto ukaingia Ziwa Kyoga, ukaendelea hadi Ziwa Albert. Nikajiambia, maji yamemchukua, yuko huko, mgonjwa, hajui kwao. Nikawaomba wachuuzi wenzake wamuulizie kila bichi, kila ufuo boti zinakoshushia mizigo. Ujumbe wangu ukasafiri na magunia ya watu, ziwa hadi ziwa. Nami nimekaa na simu mkononi. Omena zikaota ukungu stoo. Binti yangu ndiye aliyekuwa akiwapikia wadogo zake unga mliotuletea ninyi, mimi hata sioni.

Kisha mama mmoja wa Kisumu, aliyekuwa akimuuzia mume wangu omena, akaja na mzigo Kongowea. Akauliza njia mpaka kwangu Mishomoroni. Wallahi, hata kiti sikumpa.

"Ameonekana?"

Akanishika mikono yote miwili. "Mama, wachuuzi wamenituma. Tumeuliza Uganda yote. Tumeuliza mpaka Albert, mpaka ng'ambo Kongo. Watu walitafuta kweli. Hayuko. Hata mimi ziwa lilichukua kaka yangu, halikumrudisha. Sasa wewe lia."

Nililia hadi majirani wakaingia.

Nikamwita mkwe wangu. "Mama, nifundishe kukaa eda." Hakunilaumu hata kwa jicho. Tukaenda kwa kadhi atupe hukumu ya aliyepotea, tukasoma hitima, tukamwombea mtoto wake.

Sijapona, nisiwadanganye. Mvua ikija na upepo, bado naitafuta simu yangu. Lakini meza yangu sokoni nimeifungua tena, na yule mama ndiye anayeniletea omena.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mkwe wangu aliyeningoja, nanyi mliowalisha wanangu. Na wale wachuuzi wa ng'ambo, nisiowajua sura, waliomuulizia mtu wasiyemjua, Mungu awafungulie riziki.

Ndugu zangu, ukimwona mwenzio anamngoja asiyerudi, usimbishie. Mtafutie kwanza. Akijua kuna aliyemtafutia, ukweli ataweza kuusikia.