Papa Feruzi Aliyelivalisha Shimo Nguo

Wasikilizaji wapendwa, jambo yenu nyote, wa Lubunga, wa mjini, na ninyi wa Isangi mnaotusikia kwa betri zilizochoka. Leo tunamkumbuka Papa Feruzi wa chemchemi. Papa Feruzi amefariki. Tulimzika Ijumaa, hapa hapa Lubunga, upande wetu wa mto.

Alizaliwa Ubundu, katika familia ya Kiislamu ya wakulima wa mpunga. Akiwa kijana alipanda treni, akaja Lubunga kuvunja mawe. Kampuni moja ilikuwa inachimba kilima chetu ipate kokoto za kutandika chini ya reli. Msitu ulipong'olewa, udongo mweusi ulisombwa na mvua. Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi. Kwanza ikawa tope. Halafu ikakauka. Nasema tena, wasikilizaji: ikakauka. Papa Feruzi alikuwa mmoja wa waliochimba, na mke wake, Mama Nyota, alikuwa mmoja wa walioanza kuteka maji mtoni, mwendo mrefu, ndoo kichwani.

Uhuru ukaja mwaka wa sitini. Wenye kampuni wakaondoka, shimo wakatuachia. Watu walicheza hadi soli za viatu zikaisha. Papa Feruzi naye alicheza, tusimwonee. Lakini kesho yake alikwenda kulitazama lile shimo. Binti yake, Hadidja, anakumbuka maneno aliyorudi nayo: "Papa alisema, 'Bon, uhuru tumepata. Sasa ile maji tuliuwa, nani atairudisha? Ni siye tu.'"

Alianza kwa kosa. Alipanda miche ya kahawa juu ya mawe matupu, akaimwagilia, akaiombea dua. Ikakauka yote. Akapanda mingine. Ikakauka tena, na majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Papa alikuwa kichwa ngumu, na kichwa chenyewe hakikuwa na unywele hata mmoja.

Mama Nyota ndiye aliyemwokoa. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga aliona rundo la makapi. Juu makavu, chini unyevunyevu, na pembeni majani yanaota yenyewe. Akarudi nyumbani akamwambia: "Feruzi, uko napanda miti juu ya mufupa! Uvalishe kwanza nguo."

Basi wakalivalisha. Wakabeba makapi, kikapu kwa kikapu. Yale majani yanayoelea mtoni, tunayoyaita Kongo ya sika, yaani Kongo mpya, na kuyalaani kwa kuziba njia ya pirogi, mitumbwi yetu, wao waliyavuta, wakayatandaza. Wakapanga mawe kukinga mteremko, mvua isikimbie na udongo. Viazi vitamu vikatambaa juu yake, zikafuata nyasi, na miti mwisho. Ndiyo, miti mwisho. Wale waliocheka wakawa wanakuja kuomba matembele ya mboga, na Mama Nyota hakumnyima mtu.

Mapema mwaka wa sitini na nne, Mama Nyota alikuwa anachuma matembele chini ya kilima. Mvua ilikuwa haijanyesha, lakini mguu wake ukazama kwenye tope. Akachimba kwa mikono. Maji yakaja, baridi, safi. Alipiga vigelegele hata mtaa mzima ukatoka mbio, wengine wakidhani ni harusi.

Mwaka huo huo uasi ukafika mjini kwetu. Mabomba yakakauka. Risasi zikawa zinavuka mto, na aliyekwenda ufukweni na ndoo hakuwa na hakika ya kurudi. Lubunga ikanywa maji ya Papa Feruzi. Miezi ile yote, wasikilizaji, tulikunywa pale.

Siku moja wapiganaji wa uasi ule walikuja na motokari ya jeep, wakitaka kuiteremsha mpaka kwenye chemchemi. Papa akasimama mbele yake. "Kunyweni, batoto yangu, mpaka mushibe," akawaambia. "Lakini motokari isipite juu ya majani. Ile ni nguo ya maji."

Halafu mkubwa wao akamtazama kichwani, akamwuliza kama nywele zake ndizo amezipanda pale. Wakaangua kicheko. Wakashuka kwa miguu, wakanywa.

Palibaki sehemu moja tu, juu kabisa, mwamba mtupu. Papa Feruzi aliuita "upara wangu". Kila mwaka alisema mwaka huu ataufunika, mpaka magoti yakakataa kupanda.

Ijumaa alioshwa kwa maji ya chemchemi ile. Na matangani, watu walipofika na kuni na mchele kama ilivyo desturi yetu, Mama Marthe, jirani wa siku nyingi, alikuja na kikapu cha makapi. Hakuitwa. Akapita moja kwa moja kwenda kilimani, akayamwaga juu ya ule mwamba mtupu. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mtaa.

Mama Nyota, Hadidja, na jamaa wote wa Ubundu, tunawapa pole kwa moyo wote. Mungu ampokee. Na wewe unayenisikiliza, karibu na kwako kuna ardhi gani iliyoachwa uchi? Itazame leo.

Papa Feruzi, asante. Upara wako umefunikwa. Lala.